Ng'ombe wa Chuo

Alikuwepo mama mmoja mjane na ng'ombe wake mmoja. Maziwa yalimsomesha binti yake sekondari. Ng'ombe mwenyewe alikuwa wa chuo. Kila jioni mama akimkatia majani alimwambia, "Kula, wewe ndiye ada."

Binti akafaulu, akapata nafasi ya chuo, wa kwanza katika ukoo mzima. Shemeji mtu, kaka mkubwa wa marehemu, akaja na wazee wenzake.

"Shemeji, jambo hili ni letu sote. Lazima tumpongeze mtoto."

"Tutampongeza, shemeji. Nitapika maharage na wali."

"Maharage? Unataka ukoo uchekwe, na ng'ombe yupo zizini?"

"Huyo ndiye ada ya chuo."

"Mungu atafungua njia. Na sisi tupo."

Mwanamke peke yake mbele ya wazee, angesema nini? Ng'ombe akachinjwa. Kidari akapewa shemeji mtu, ndiyo desturi yao. Watu wakala, wakacheza, wakatoa zawadi: khanga na saa ya ukutani. Saa ya ukutani, jamani! Mtoto hana hata nauli.

Chuo kilipokaribia kufunguliwa, mama akazunguka nyumba zile zile zilizobeba nyama. Huku akaambiwa msimu ni mbaya, kule akaambiwa baba mwenye nyumba katoka. Akarudi mikono mitupu.

Siku moja shemeji mtu akapita shambani kwao, akamkuta binti analima na mama yake.

"Mwanangu, chuo hakijafunguliwa?"

"Shikamoo, baba mkubwa. Kimefunguliwa. Ila tulikichinja. Wewe ulikula kidari."

Mama akaendelea kulima. Hakumkanya mtoto.

Mnacheka, ndugu zangu? Nani hapa hajawahi kunawa mikono kwenye sherehe kama ile? Tunakwenda kumpongeza mtoto na matumbo matupu, tunarudi tumeshiba, na ada tunamwachia mama yake. Inaniudhi, na naamini Mungu inamuudhi zaidi, maana tunamsingizia. "Mungu atafungua njia," tunasema, midomo inang'aa mafuta. Njia ipi tena? Alikwisha kuifungua. Ilikuwa imesimama zizini, inakula majani. Sisi ndio tuliokwenda na visu.