Mfungo wa Bwana Lathrop

Inasimuliwa kwamba huko Amerika, zama zile watu wake walipomkana mfalme wao, alikuwapo mja mwema aitwaye Yoro, wa kabila la Wafulani wa Afrika Magharibi, aliyetekwa kwao akiwa amekwisha kuhifadhi Kurani. Alikuwa mpishi wa Bwana Lathrop, mmoja wa walioasisi dola ile. Bwana huyo aliulilia uhuru hadharani mpaka leso ikalowa, kisha akarudi nyumbani kuhudumiwa na watumwa wake.

Vita vilipowaelemea, Bwana Lathrop akatangaza siku ya mfungo: kila nafsi ijizuie kula, imwombe Mungu aivunje nira ya utumwa. Baraza likaunda kamati ya kuusimamia mfungo, nayo kamati, kabla ya yote, ikajadili chakula cha wajumbe wake.

Yoro alifunga. Adhuhuri bwana akaja jikoni, akaagiza kuku. Yoro alidhani amesikia vibaya. Akampikia.

Habari zikavuja, baraza likaketi. Kwa kuwa ilijulikana kwamba Yoro hasemi uongo, akaitwa kutoa ushahidi. Njiani bwana akamwambia kwamba akisema bwana alifunga, yeye na mkewe Kumba watakuwa huru. Akisema vingine, Kumba atauzwa kwenye visiwa vya mashamba ya miwa, wasikorudi watumwa. Yoro akamtegemea Mola wake, akaingia.

"Bwana wako alifunga?" mwenyekiti akauliza.

"Alikula kuku, mheshimiwa. Mimi ndiye niliyefunga."

"Wewe! Ukaomba nini?"

"Mlichotuamuru. Nira ivunjwe."

Kosa la kula kuku wajumbe walikuwa tayari kumsamehe bwana. Dua ile ndiyo iliyowachoma. Hakuna aliyethubutu kuuliza nira ipi. Kikao kikaahirishwa.

Kumba hakuuzwa, maana mji mzima ungejua sababu. Yoro akasubiri, wala hakunung'unika. Mwaka uliofuata mfungo ukatangazwa tena, na safari hii bwana alifunga kweli. Jua lilipozama alikuja jikoni, njaa imemlegeza, akamkuta Yoro ameinua mikono.

"Omba kwa sauti," akasema, "nami nisikie."

Yoro akaomba. Alipofika penye nira, ulimi wa bwana ukamtangulia.

"Amina."

Akaduwaa pale mlangoni, kama mtu aliyejisomea hukumu mwenyewe. Asubuhi yake akawaacha huru Yoro, Kumba na wenzao wote.

Ndugu zangu, tujihadhari na dua tunazozisoma ili watu watusikie. Mwenyezi Mungu naye husikia.