Gari la Bwana Shemweta Lisilopanda Mlima

Pale Mombo paliwahi kuwa na fundi wa magari, Bi Mwanjaa, aliyepanga kibanda cha tajiri Shemweta. Tajiri alitaka kumwondoa. Asubuhi moja akamletea gari lake kuukuu.

"Fundi, nikikanyaga mafuta linakoroma tu, haliondoki. Likipanda mlima kabla ya adhuhuri, kibanda ni chako. Lisipopanda, unahama leo."

"Utasema hivyo mbele ya watu, bwana?"

"Waite!"

Majirani wakaja, tajiri akarudia maneno yake. Mwanjaa akafunua boneti, akachungulia weee, kisha akatikisa kichwa.

"Pole, bwana. Gari limetembea mno, injini imejifia. Lazima niipasue." Akainua nyundo kubwa kwa mikono miwili.

"Ngoja!" Tajiri aliruka. "Usinivunjie injini! Angalia kwanza bomba la hewa!"

"Kuna nini humo?"

"Kuna kitambaa, kitoe!"

Majirani wakaangua kicheko. Mwanjaa akachomoa kitambaa, akawasha gari, likapanda mlima likivuma. Aliporudi alimkabidhi tajiri funguo.

"Kitambaa nilikiona mapema, bwana," alisema. "Nilitaka tu majirani wasikie kwako nani alikitia."