Tumbawe la Shaame

Tumbawe halitupwi mchana. Mmeisikia methali hii leo harusini, mkacheka, kisha mkaniuliza imetoka wapi. Nilikuwapo ilipozaliwa, Wete, sebuleni kwa wifi yangu Mize.

Mumewe Mize, kaka yangu Shaame, alikwenda Maskati kutengeneza viyoyozi. Nyuma aliacha tangi la kioo lenye maji ya bahari, na ndani yake tumbawe moja, lile jiwe la baharini lenye uhai, alilolipenda mno. "Nitunzie," alimwambia mkewe. Hakueleza zaidi.

Mize alitunza kama alivyolelewa. Kwao chombo cha maji hakilali wazi, basi kila magharibi alizima taa ya tangi akalifunika kwa kanga. Alilala mapema, kwa kuwa alidamka kuoka mikate ya kuuza. Adhuhuri alililisha tumbawe vipande vya uduvi, navyo vilizama bila kuguswa. Lenyewe lilijifumba tu, gumu, likizidi kusinyaa.

Mwaka wa pili nilimkuta anafunga sanduku.

"Narudi kwetu, wifi. Kaka yako amenisahau. Hupiga simu adhuhuri: 'Hamjambo? Haya.' Kwisha! Hata jina langu halitaji."

"Tulikupa mume, hatukukupa redio," nikamtania.

Hakucheka. "Na jiwe lake limekufa. Kesho nalitupa, kisha naondoka."

Akaiondoa kanga yake juu ya tangi, akaitia sandukuni. Nikalala hapo, nikitumaini asubuhi itamlainisha.

Usiku wa manane aliamka kunywa maji. Nikasikia, "Wifi! Njoo!"

Nilimkuta anamulika tangi kwa kurunzi. Lile jiwe lilikuwa limechanua. Kila kinundu kilikuwa kimetoa mikono myembamba ya rangi ya chungwa, inapapasa maji kama mtu anayemtafuta mwenzake kitandani. Mize alidondosha uduvi mmoja. Mikono ikaupokea, ikaukumbatia polepole.

Akaketi sakafuni. "Mwaka wa pili sasa namlisha aliyelala," akasema. "Na anapoamka, namfunika."

Akainuka. Kisha akachukua simu.

"Saa hizi?" nikauliza.

"Saa hizi hizi. Sijawahi kumpigia usiku."

Iliita mara moja tu.

"Mize," kaka akasema. Nilimsikia waziwazi, na sauti yake sikuijua. "Mize, Mize wangu. Kuna nini?"

"Hakuna. Mbona u macho?"

"Kila usiku niko macho. Naishika simu, nakumbuka unadamka, naiweka. Mchana tuko kumi chini ya kivuli kimoja, nitasema nini mbele yao?"

Mize alikuwa analia. "Tumbawe lako limechanua."



"Nieleze," kaka akasema. "Taratibu. Anzia upande wa dirishani."

Mize akausogeza uso karibu na kioo, akaanza kumhesabia ua moja moja. Nikarudi kulala nikawaacha.

Asubuhi jirani aliliona sanduku ukumbini, akauliza nani anasafiri. Mize akalifungua, akaanza kutoa nguo zake. "Hakuna, shoga," akamjibu. "Tumbawe halitupwi mchana."