Chombo Kilichojengewa Paa

Kwenye kilele cha mlima mmoja, mahali ambapo hata mbuzi hupanda akitafakari, alikuwapo mlinzi wa chombo cha kupimia hali ya hewa. Kilikuwa na kopo la kupokea mvua, vikombe vya kuzungushwa na upepo, na kisanduku kilichonasa kila kitu na kukituma kwa mtandao wa simu hadi ofisi fulani mjini. Mvua ikizidi, ofisi ilituma ujumbe kwenye simu za watu wa bondeni, kando ya mto, wahame mapema. Binti wa pekee wa mlinzi huyo alikuwa ameolewa huko huko bondeni. Kwa hiyo, wapendwa, msidhani hakujua chombo kile ni cha nini. Alijua, na ndiyo maana alikipenda.

Fundi aliyekuja kukifunga alimwambia, "Mzee, hiki kina thamani kuliko mimi na wewe tukiuzwa pamoja. Nikikikuta na ufa, tutaonana wabaya."

"Hakitaguswa hata na inzi, mwanangu."

Mvua ya kwanza ikaja na mawe. Ilipokatika, mzee akakuta kopo limebonyea kidogo ubavuni, akakosa raha. Akasimamisha nguzo nne, akachukua mabati aliyokuwa amemwahidi mkewe kwa ajili ya jiko, akaezeka. Pembeni akaziba kwa matete, upepo usije ukavisumbua vile vikombe. Paneli ya sola tu ndiyo aliyoihamishia juu ya paa, maana aliambiwa inakula jua.

Mkewe akaja kutazama, mikono kiunoni. "Mimi napika na mvua kichwani, chombo kimeezekewa. Basi mume wangu, nifunge na mimi kwenye huo mlingoti, labda nitapata bati."

"Wewe ukibonyea, hakuna fundi atakayekuja kuniuliza."

Kiangazi wakubwa wa ofisi walipanda kukagua. Mmoja akakizunguka kibanda, uso umemchanua. "Vituo vingine vimejaa mavi ya ndege. Hapa mtu anaweza kulia chakula! Na takwimu zako, mzee, zimetulia kuliko za wote."

Zimetulia, ndugu zangu! Mvua, hakuna. Upepo, hakuna. Je, kuna aliyeuliza mvua itapita wapi ili ifike kwenye kopo? Angeuliza nani, na picha zilikuwa zinatoka vizuri? Wakampa mzee fulana, wakashuka.

Masika yakaingia. Siku moja ilinyesha tangu alfajiri, ile mvua isiyopumua. Mzee alikaa ndani ya kibanda na chombo chake, akipapasa kopo kwa kiganja. Kavu. Akafurahi. Adhuhuri simu ikaita.

"Baba, huko kunanyesha?"

"Kunanyesha? Mama, hata sauti yako siisikii vizuri kwa kelele za mabati!"

"Tangu lini?"

"Tangu alfajiri."

"Tuko juu ya paa la shule, Baba. Maji yamechukua nyumba, yamechukua mbuzi. Tulitaka kuhama mapema, mwenyekiti akasema tusihangaike, chombo cha mlimani hakijasema kitu."

Mzee akatazama juu, kwenye mabati. Alitoka, akapanda, akayang'oa kwa mikono, bati moja baada ya jingine, hadi damu ikachanganyika na maji. Mvua ikaingia koponi. Na kisanduku, ambacho hakikuwa na ugonjwa wowote, kikafanya kazi yake.

Haukupita muda, binti akapiga tena. Nyuma ya sauti yake mzee alisikia simu nyingi zikilia kwa pamoja. "Ujumbe umefika, Baba. Unasema, mvua kubwa mlimani, hamieni sehemu za juu." Kisha akasikika bibi mmoja kando yake: "Juu zaidi ya hapa ni wapi? Mbinguni?"

Walishushwa kwa mtumbwi, wote wazima. Mashamba yao hayakuwa na paa la kupandia, yakaenda na maji.

Mnacheka. Chekeni, nami nilicheka. Lakini tuulizane: chombo kile kilidanganya? Hata kidogo. Kiliandika kwa uaminifu kile kilichoachiwa kukigusa, yaani hakuna. Na sisi je? Jirani anapigwa nyuma ya ukuta, sisi tunaongeza sauti ya redio, tena tumeweka kwaya. Mjane akianza kueleza shida zake, tunamkatiza kwa maombi. Halafu jioni tunajikagua mioyo, tunakuta shwari, tunatoa ushuhuda kwamba tuna amani! Amani gani? Huo ni ukavu. Mungu hakutupa moyo ili tuurudishe kwake ukiwa mpya.

Nisiwachoshe. Kila mmoja wetu anaujua mlango ambao amekuwa akiupita haraka haraka. Leo tukitoka hapa, kabla ya kufika nyumbani, akabishe hodi. Wali utapoa. Acheni upoe.