Kisu cha Kitovu Langoni mwa Vumbuni

Hapo zamani, tena zamani ya kweli, siyo hiyo ya juzi mnayoiita zamani, palikuwa na mji unaitwa Vumbuni, wenye ukuta na lango moja tu. Nje ya ukuta, mwendo wa kutafuna tambuu moja, alikaa mkunga jina lake Bi Msimu. Mikono yake ilipokea nusu ya watu wa mji ule. Hata wale mabwana wakubwa waliompita bila salamu, yeye ndiye aliyewaona uchi wa kwanza! Basi na wasijidai.

Sasa shikeni sheria, maana bila sheria hakuna hadithi. Mwaka uliotangulia, kwenye ngoma ya mavuno, kijana mmoja alichomwa kisu kilichotoka kwapani mwa mtu. Alikufa pale pale, ngoma ikiwa bado inalia. Kijana huyo alikuwa mwana wa pekee wa Jumbe, mkuu wa mji. Jumbe alilia siku saba. Siku ya nane akatoka, akasema:

"Atakayepita lango hili na kisu, akishike mkononi kila mtu akione. Kisu kinachoonekana ni chombo. Kisu kilichofichwa ni silaha, hata kiwe cha kumenyea muhogo. Na kila kisu kitakachofichwa kitamtoa mtu mmoja mjini, miaka mitatu, asikanyage Vumbuni."

Watu waliitikia. Nani angebisha, na kaburi bado bichi? Wachinjaji wakatembea na visu mkononi, wakata ukindu wakatembea na visu mkononi, na kweli, damu haikumwagika tena kwenye ngoma. Sheria ilikuwa nzuri, sitawaficha.

Asubuhi moja Bi Msimu alikuwa anafagia uwanja wake, akamwona Mbwarali anakuja mbio. Mbwarali alikuwa mpiga mbiu wa mji. Sheria ile ilitangazwa kwa kinywa chake, mtaa kwa mtaa.

"Shikamoo, Bi Mkunga! Mke wangu Siwema ana uchungu tangu alfajiri, na mtoto hataki kuja!"

"Marahaba. Punguza kelele, utadhani ndiye wewe unayezaa. Ngoja nichukue kisu."

Alitania, lakini ufagio aliutupa pale pale. Siwema alikwisha kuzika watoto wawili. Huyu naye angekwenda, mama yake asingeinuka tena.

Sasa, kwa wakunga wa pande zile, kisu cha kitovu hakionwi. Hutokoswa kwenye maji, hufungwa kitambaa cheupe, kikawekwa kifuani, na hakifunguliwi mpaka mtoto alie. Kikitazamwa njiani kimeharibika. Ndivyo Bi Msimu alivyofundishwa na mama yake, na mama yake na bibi yake. Sheria ya Jumbe aliisikia vizuri, ila alijisemea, "Hiyo ni ya wanaume na makwapa yao." Hata hivyo roho ilimsuta, akauliza:

"Mbwarali, na ile sheria yenu?"

Mbwarali aliijua neno kwa neno. Akafungua kinywa, akayakumbuka makaburi mawili madogo nyuma ya nyumba yake.

"Wewe kifunge vizuri tu, Bi. Twende."

Wakafika langoni. Bawabu aliitwa Shekue, na kazi yake ilikuwa kumuuliza kila apitaye neno moja: "Una kisu?" Siku ile alimwona mkunga anahema, jasho linamtiririka, akajua kuna nini. Neno lilimfika ulimini akalimeza.

"Pita, mama, pita!"

Mtoto alikuja miguu mbele. Wee! Msiombe kuona kazi ile. Bi Msimu alisukuma, akageuza, akabembeleza, akamwomba Mungu, na jua lilipopanda mtoto wa kike akalia. Hapo ndipo kitambaa kilipofunguliwa, kitovu kikakatwa.

"Atakaa huyu?" Siwema akauliza, sauti haitoki.

"Atakaa. Husikii? Kachukua koo la babake."

Bi Msimu alilia machozi kana kwamba hajawahi kuzalisha mtu. Akakifunga kisu, akakirudisha kifuani, akashika njia ya kwao. Pale sokoni akainama kumwamkia kikongwe mmoja muuza viazi, kitambaa kikateleza, kisu kikaanguka juu ya mawe. Kling!

"Kisu! Kisu!"

Soko lilitawanyika. Bi Msimu akabaki peke yake katikati, mikono mitupu, hadi walipokuja kumchukua.

Mbele ya Jumbe aliogopa, wala hakuificha hofu yake. Ndani ya ukuta ule alikuwa na wajawazito wanne, na mkunga mwingine hakuna. Miaka mitatu, nani angewapokelea?

Jumbe akasema, "Kisu kimoja, mtu mmoja. Ni nani?"

"Mimi," akasema Bi Msimu. "Kisu changu, kifua changu. Sheria niliisikia, nikajipimia mwenyewe inakoishia."

Mbwarali akaruka mbele. "Mimi, Jumbe! Aliniuliza. Kinywa kilichotangaza sheria ndicho kilichomwambia akifunge. Nitoe mimi." Akasema hivyo, na mwanawe hajatimiza hata siku moja.

Shekue naye akaja taratibu. Nyumbani alikuwa na mama aliyepooza, ambaye humbeba mwenyewe kila asubuhi kumtoa nje aote jua. "Mimi, Jumbe. Hao wawili walikuwa na mtoto wa kuokoa. Mimi nilikuwa na swali moja tu la kuuliza. Ningeuliza, kisu kingetolewa, na sote tusingekuwa hapa."

Siwema, kashikiliwa na jirani huku na huku, akalia kutoka nyuma, "Wasamehe, Jumbe! Mtoto wangu yu hai!"

Mchinjaji mmoja akajibu, "Ukisamehe leo, kesho kila mwenye kisu kwapani atasema anakwenda kuzalisha!" Watu wakacheka. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu lilikuwa neno la kweli.

Jumbe akamtazama Bi Msimu. Yule mwanawe aliyeuawa, mikono hii hii ndiyo iliyompokea.

"Sheria ni msumeno," akasema, na machozi yakamshinda. "Hukata mbele na nyuma. Lakini leo sijui niushike wapi."

Basi. Msinitazame mimi, mimi ni msimulizi tu. Na asiniambie mtu "wote" wala "hakuna", huko ni kukimbia. Sheria ilisema mmoja. Kuna mkunga aliyeficha, kuna baba aliyejua akasema kifungwe, kuna bawabu aliyehurumia. Jumbe ameinuka, lango li wazi, na watu wa Vumbuni wanangoja.

Je, nani alistahili kutoka?