Kwa Nini Mitungi Hupishana Kabla Nyumba Haijajengwa

Zamani, wajukuu zangu, hapa hapakuwa mji. Kila mtu alikaa kilimani kwake na moshi wake peke yake, mpaka siku Nakijwa alipokuwa akilima magimbi bondeni, jembe likafumua chemchemi. Hakuificha. Alipanda kilima akaita kwa sauti, "Teremkeni jamani! Maji haya yatatutosha sote!"

Wakateremka. Kila mmoja alitaka mlango wake ufungukie majini, kuta zikabanana kuizunguka chemchemi kama meno. Kila mjenzi alisema moyoni, njia ataitoa jirani. Jirani naye alisema vivyo hivyo.

Nakijwa hakuyaona hayo. Alikuwa amefunga nyumba yake ya pale chemchemini akaenda kilimani kumtunza binti yake aliyejifungua. Asubuhi moja mkwewe akarudi na mtungi mkavu.

"Mama, wamekataa. Kila mlango wananielekeza mlango wa pili."

Mzazi kalala hajaogeshwa, kichanga kinalia, na maji yako pale bondeni, yanaonekana!

Nakijwa aliteremka na jembe begani, kichwa wazi. Akamkuta Mbazi, yule wa kwanza kuitikia wito wake, kaketi mlangoni anatafuna muwa.

"Mbazi, mkwe wangu kakukosea nini?"

"Hajanikosea, mama. Ila nani apitishe watu jikoni kwake kutwa nzima? Kama una huruma sana, si ubomoe kwako!"

Majirani wakacheka. Nakijwa akaenda akafungua nyumba yake. Alitoa vyungu vyake nje, akaupiga jembe ukuta wake mwenyewe, na kila pigo akilia, "Niliwaita mimi! Kwa kinywa changu hiki!" Kicheko kikakatika. Ukuta ulipolala chini, mkwewe akapita na mtungi, na watu wa vilimani nyuma yake.

Jioni Nakijwa alijitwika vyungu vyake, akaingia kwa Mbazi bila hodi.

"Mama, wapi huko?"

"Jikoni. Kwangu sasa ni njia. Sogeza mafiga."

Nani angemtoa? Alikaa humo mpaka wakamjengea nyumba nyingine, na udongo aliukanda Mbazi.

Na tangu siku hiyo, hapa kwetu nyumba haisimami kabla wanawake wawili hawajapishana njiani kando ya vigingi vya kupimia msingi wake, mitungi imejaa kichwani. Mmoja akilazimika kugeuza bega, vigingi vinang'olewa, hata viwe vya nani. Hata leo, akija bwana mkubwa na matofali yake kuziba njia ya majini, hatumbembelezi. Tunajitwika mitungi.