Kopo Nyuma ya Gunia

Wapendwa, kabla hatujaomba, twendeni jikoni kwa mama mmoja wa huko milimani. Mjane. Ana binti mmoja tu, wa miaka sita, aitwaye Namsifu, kwa hiyo watu humwita Mama Namsifu.

Mtoto huyu alizaliwa na kasoro kwenye tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo. Tezi hizo hutoa homoni inayoupa mwili nguvu ya kuhimili ugonjwa. Zake hazitoi. Asipopewa homoni hiyo kwa dawa, kila siku ya Mungu, basi homa ambayo mwanao angelala nayo siku mbili akaamka kucheza, yeye inamuua. Miaka yote mama alinunua vidonge vya watu wazima akavikata vipande vinne vinne kwa kisu cha vitunguu, kipande kimoja kikubwa, kingine kidogo.

Ndipo hospitali ikaanza utafiti. Kulikuwa na dawa iliyotengenezwa kwa kipimo cha watoto, chembechembe ndani ya kapsuli, na madaktari walitaka kujua kama inawafaa kuliko ile ya kukatwa kwa kisu. Namsifu akaandikishwa. Kapsuli tatu kwa siku, asubuhi, mchana na jioni, pamoja na daftari la kuweka vema kila akinywa. Nesi alimsomea mama karatasi yote. Akafika mahali akapunguza mwendo.

"Utafiti ni wa mwaka mmoja. Ukiisha, Namsifu ataendelea kupewa dawa hii bure mpaka awe mtu mzima. Hatutamwacha."

"Asante, nesi," mama akasema, akatia sahihi.

Alisikia vizuri tu. Hakuamini. Moyoni alijua kwamba mwaka ukiisha hawa watafungasha vyao, na yeye atabaki na kisu chake. Basi ile kapsuli ya mchana akawa hampi mtoto. Anaitia kwenye kopo tupu la maziwa ya unga, nyuma ya gunia la mahindi. Kwenye daftari anaweka vema tatu.

Nawasikia mnaguna. Guneni, lakini msimwite mkatili. Kila alipofunga kopo lile alijiona mama anayejua wajibu wake. Alimwona binti akilegea alasiri, hataki kucheza, akajiambia ni jua. Daktari alipotazama majibu ya damu hayakumpendeza, akamuuliza kama mtoto anakunywa zote.

"Zote, daktari," akajibu, macho kwenye viatu vyake.

Daktari akalitazama daftari, akakuna kichwa, akaandika kwamba huenda dawa yenyewe haina nguvu.

Mwezi wa saba, kwenye baridi na ukungu, homa ikaja. Nesi alikuwa amemfundisha: akipata homa, mwongezee dawa, akitapika, usingoje, mlete achomwe sindano. Asubuhi hiyo mama alifungua kopo lile kwa mara ya kwanza ili atoe badala ya kutia. Akampa mtoto, akatapika. Akampa tena, akatapika tena. Mwili uliopunjwa miezi yote ile haukuwa na cha kushikilia. Mama akamfunga mgongoni kwa kanga, kopo akalitia kikapuni, akateremka mlima kwa miguu maana utelezi ulizuia pikipiki. Walipofika, Namsifu alikuwa haitiki tena akiitwa. Walimchoma sindano. Walikuwa wamechelewa.

Nesi akaliona kopo kikapuni, akalifungua. Limejaa mpaka juu.

"Mama Namsifu, hizi ulikuwa unamwekea nani?"

"Namwekea Namsifu. Za mwaka kesho."

Nesi akavuta kiti akakaa. "Mama, si nilikusomea? Si nilisema hatutamwacha?"

"Ulisema, mwanangu. Hata kwenye maziko ya baba yake walisema hivyo hivyo."

Walisema akina nani? Hapo ndipo mfano huu unanigeukia mimi mwenyewe. Mlidhani nawahubiria juu ya mama asiye na imani? Na mimi nilipoanza kuutunga nilidhani hivyo. Lakini mazikoni ni nani aliyesimama akasema hatutakuacha? Ni sisi. Wazee wa kanisa, kwaya, jumuiya, na mchungaji aliyeshika kipaza sauti. Wiki ya kwanza tulikwenda na sukari na majani ya chai. Wiki ya pili walikwenda watatu. Mvua zikanyesha, kila mtu akakimbilia shamba lake, na yule mama akapanda lake peke yake, mtoto kamlaza kwenye tuta.

Sisi ndio tuliomfundisha kwamba watu wakisema hatutakuacha, anza kuficha. Alifundishika. Nesi alikuja na neno la kweli, akakuta masikio ambayo sisi tulikwisha kuyaharibu. Ahadi tuliyoivunja hatukuiona tena, tukadhani imekufa. Kumbe ilikuwa jikoni kwake, nyuma ya gunia, inajaa kapsuli moja moja kila mchana.

Najisikia vibaya kuwaambia haya, lakini nitajisikia vibaya zaidi nikinyamaza. Wimbo wa kufunga hatutauimba leo. Kila mmoja wetu ana mlango mmoja alioahidi kurudi akasahau, anaujua bila kutajiwa. Tokeni kimya. Mkapige hodi.